Ukubwa wa chembe sahani waweza kufichua mafuta kwenye ini?

MTU anapopimwa damu hospitalini mjini Kisumu, mara nyingi hutoka maabara akiwa na karatasi yenye safu ndefu ya nambari. Daktari hutazama kwanza kiwango cha wekundu wa damu, kisha chembe nyeupe zinazopambana na maradhi, kisha idadi ya chembe sahani ambazo husaidia damu kuganda. Karibu nayo huwapo nambari nyingine ambayo ni nadra kwa mgonjwa kuiulizia, na hata baadhi ya wahudumu wa afya huipita bila kuitazama: wastani wa ukubwa wa chembe sahani hizo.

Kwa zaidi ya miaka 15 sasa, nambari hiyo imezua mjadala miongoni mwa watafiti wa maradhi ya ini. Wapo wanaosema kwamba chembe sahani zikiwa kubwa kuliko kawaida, huenda hiyo ikawa ishara ya mapema ya mafuta kujaa kwenye ini, ugonjwa ambao mtu aweza kuishi nao kwa miaka mingi bila kuhisi maumivu yoyote. Wengine wanashikilia kwamba ishara hiyo ni hafifu mno kutegemewa.

Kwa wakazi wa ukingo wa Ziwa Victoria, kuanzia Muhuru Bay hadi Port Victoria, mjadala huo una uzito wa pekee. Huku malaria, kichocho na selimundu ni maradhi ya kila siku, na yote hayo huzigusa chembe zile zile ambazo watafiti wanataka zitoe ushahidi juu ya ini.

Chembe sahani ni nini?

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyoelea ndani ya damu. Mama anayepara samaki akijikata kidole kwa kisu, chembe hizo hukimbilia penye jeraha, zikashikamana na kuziba mshipa uliopasuka. Mtaalamu wa Italia, Giulio Bizzozero, ndiye aliyezieleza kwa ufasaha mwaka 1882 na kuonyesha kazi yake katika kugandisha damu.

Chembe hizo hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na seli kubwa sana ambazo humegeka vipande vipande. Kila chembe huishi siku 7 hadi 10 tu, kisha bandama na ini huiondoa katika mzunguko wa damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani baina ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu, yaani tone lenye ukubwa wa takriban milimita moja kila upande.

Ukubwa wake hupimwa kwa kipimo kiitwacho femtolita. Kipimo hicho ni kidogo kupita kiasi: mikrolita moja ina femtolita bilioni moja. Maabara nyingi huchukulia wastani wa femtolita 7 hadi 12 kuwa wa kawaida, ingawa kila mashine ina mipaka yake.

Ukubwa huo una maana. Uboho ukilazimika kutoa chembe kwa haraka ili kujaza pengo, zile zinazotoka huwa kubwa kuliko zile zilizokwisha kuzunguka kwa siku kadhaa. Chembe kubwa pia huwa na nguvu zaidi. Hushikamana upesi na kumwaga kemikali nyingi za kuita nyingine. Ndiyo sababu madaktari wa moyo walianza kuzichunguza kabla ya wale wa ini, kwa kuwa damu inayoganda upesi yaweza kuziba mishipa ya moyo na ya ubongo.

Ini lenye mafuta

Ini la mtu mwenye afya huwa na mafuta kidogo sana. Ugonjwa huhesabiwa kuwa umeanza pale mafuta yanapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake. Hapo zamani iliaminika kwamba hali hiyo ni ya walevi. Mwaka 1980, Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa ambao maini yao yalikuwa na mafuta na uvimbe kama ya walevi, ilhali hawakuwa wanywaji.

Mwaka 2023, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini viliubadilisha jina ugonjwa huo ili lionyeshe chanzo chake halisi, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Unene wa kiunoni, kisukari, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu ndiyo mambo yanayoandamana nao.

Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana mafuta kwenye ini. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito kupita kiasi au unene wa kupindukia, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Kwa hiyo si ugonjwa wa ng'ambo peke yake.

Wengi wa walio na mafuta kwenye ini hawafikii hatua mbaya. Lakini kwa baadhi yao mafuta huleta uvimbe, uvimbe huacha makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kuwa gumu. Hapo ndipo mtu hujaa maji tumboni, hutapika damu au hupata saratani ya ini. Hata kabla ya kufikia huko, wagonjwa hao wako katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo, ambayo ndiyo huwaua wengi wao.

Uhusiano wa ini na chembe sahani

Ini na chembe sahani ni jirani wa karibu. Homoni kuu inayouamrisha uboho kutengeneza chembe hizo hutolewa hasa na ini. Ini lililojaa mafuta na kuvimba humwaga katika damu kemikali za uvimbe ambazo huuchochea uboho, nao ukatoa chembe kubwa na zenye hamaki zaidi. Kisukari na unene navyo hufanya vivyo hivyo.

Siku hizi inaaminika pia kwamba chembe sahani si mashahidi tu bali ni washiriki katika maradhi hayo. Mwaka 2019, utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa katika jarida la Nature Medicine ulionyesha kwamba chembe hizo hujikusanya ndani ya ini lenye mafuta na kuchochea uvimbe. Mwaka 2024, madaktari wa Massachusetts General Hospital, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 80 waliokuwa na mafuta kwenye ini. Waliomeza aspirini kidogo kila siku kwa miezi 6 walipungukiwa na mafuta ya ini kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hata hivyo, matokeo hayo hayatoshi kumfanya mtu aende dukani kujinunulia aspirini. Jaribio lilikuwa dogo, nalo halikuhusu watu ambao maini yao yamesinyaa. Aspirini yaweza kumtoa damu mtu mwenye vidonda vya tumbo, na ni hatari zaidi kwa mwenye mishipa iliyovimba kooni kwa sababu ya ini au kichocho.

Tafiti zasema nini?

Kuhusu ukubwa wa chembe, majibu hayajakuwa ya sauti moja. Mwaka 2010, watafiti wa Uturuki walichapisha tafiti zilizopingana. Mmoja ulikuta chembe za watu wenye mafuta kwenye ini ni kubwa kuliko za watu wenye afya, na mwingine haukuona tofauti yoyote. Mwaka 2016, uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa kwa pamoja ulihitimisha kwamba, kwa ujumla, wagonjwa huwa na chembe kubwa zaidi.

Lakini tofauti ya wastani wa kundi zima haimsaidii sana mtu mmoja. Katika tafiti nyingi tofauti hiyo ni ndogo, mara nyingi karibu na femtolita moja au chini yake. Mtu mwenye afya aweza kuwa na 11 na mgonjwa akawa na 9. Ni kama kusema kwamba wavuvi wa ufuo mmoja ni warefu kuliko wa ufuo mwingine. Kauli hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini haimwezeshi mtu kutaja asili ya mvuvi mmoja kwa kumtazama kimo chake.

Kuna tatizo la pili, nalo limo ndani ya kichupa chenyewe. Damu ya kipimo hiki huwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho kina dawa ya kuzuia isigande. Dawa hiyo huzifanya chembe sahani zivimbe, hasa katika saa 2 za kwanza, na katika mashine nyingi kipimo chaweza kupanda kwa asilimia 10 au zaidi. Chembe zilizokuwa na femtolita 9 zaweza kusomwa kuwa karibu 10 kwa sababu ya kukawia tu.

Ikiwa damu imetolewa katika zahanati ya kisiwa cha Mfangano, ikavushwa kwa boti hadi Mbita na kupimwa alasiri, ongezeko la safarini laweza kuwa kubwa sawa na lile linalodaiwa kuletwa na ugonjwa. Bila kujua saa ambayo damu ilitolewa na saa iliyopimwa, nambari hiyo haina msingi.

Malaria, kichocho na mengineyo

Tafiti nyingi kuhusu jambo hili zilifanywa Uturuki, Ulaya na Asia, mahali ambapo malaria ama haipo au ni nadra. Ukingo wa Ziwa Victoria ni tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa eneo la ziwa waliopimwa, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 6. Watu wazima wa eneo hilo nao huweza kubeba vimelea bila homa kali.

Malaria hupunguza idadi ya chembe sahani, kwa kuwa mwili huzitumia na kuziharibu kwa wingi. Uboho hujibu kwa kutoa chembe mpya ambazo ni kubwa. Matokeo yake ni karatasi ya maabara yenye chembe chache na kubwa, picha ambayo mtu asiyejua aweza kuidhania kuwa ya ini.

Kichocho ni mtego mwingine. Aina inayopatikana ziwani hukaa katika mishipa ya matumbo, na mayai yake husukumwa hadi kwenye ini. Tangu miaka ya 1990, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI pamoja na wenzao wa taasisi ya CDC ya Marekani wamewafuatilia waosha magari wa Kisumu, ambao hufanya kazi wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa na kuambukizwa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walijenga kinga.

Asiyetibiwa kwa miaka mingi aweza kupata makovu kandokando ya mishipa ya ini. Damu ikikosa njia nyepesi, bandama huvimba na kuzizuia chembe sahani ndani yake, na idadi inayozunguka mwilini hushuka. Mtu huyo ana tatizo la ini, lakini chanzo chake si mafuta, na tiba yake ni tofauti.

Selimundu nayo, ambayo ni ya kawaida katika eneo la Nyanza, pamoja na upungufu wa madini ya chuma, huweza kuzihadaa mashine. Vipande vya chembe nyekundu zilizovunjika, au chembe nyekundu ndogo kupita kiasi, huweza kuhesabiwa kama chembe sahani kubwa. Katika hali hiyo ni lazima mtaalamu wa maabara aitandaze damu juu ya kioo na kuitazama kwa darubini.

Juu ya hayo kuna virusi vya Ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria maambukizi miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 katika kaunti ya Homa Bay na asilimia 17.5 katika kaunti ya Kisumu, ilhali ya taifa yalikuwa asilimia 4.9. Virusi hivyo vyenyewe huweza kupunguza chembe sahani. Wanaotumia dawa vyema sasa huishi maisha marefu, na baadhi yao huongezeka uzito na kupata mafuta kwenye ini. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, bali ni sababu ya kupimwa. Homa ya ini aina ya B na unywaji wa chang'aa pia huliharibu ini na kuvuruga hesabu ya chembe.

Hata mipaka ya kawaida ya vipimo ni jambo la kuangaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vijana wenye afya wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba nambari zao hutofautiana na zile za Marekani, hata kijana mzima angeweza kuhesabiwa kuwa na kasoro kwa kupimwa kwa mizani isiyo yake.

Idadi yazidi ukubwa

Je, chembe sahani hazina msaada wowote kwa mwenye mafuta kwenye ini? Zinao, lakini msaada huo unatokana zaidi na idadi kuliko ukubwa. Makovu yanapozidi katika ini, chembe hupungua. Mwaka 2006 ilichapishwa kanuni iitwayo FIB-4, ambayo ilibuniwa kwa kuwachunguza watu wenye virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C kwa pamoja. Leo ndiyo inayopendekezwa na vyama vingi vya wataalamu kuwa hatua ya kwanza ya kutafuta makovu kwa wenye mafuta kwenye ini.

Kanuni hiyo inahitaji mambo manne tu: umri, idadi ya chembe sahani na vimeng'enya viwili vya ini viitwavyo AST na ALT. Umri huzidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa idadi ya chembe, ikihesabiwa kwa maelfu, iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Likipatikana jibu lililo chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Likizidi 2.67, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. Baina ya hapo, uchunguzi zaidi wahitajika. Kanuni hii haifai sana kwa walio chini ya miaka 35, na kwa waliozidi miaka 65 mpaka wa chini huwa 2.

Chukua mfano wa mchuuzi wa samaki wa Dunga mwenye umri wa miaka 48, AST yake ikiwa 40 na ALT 36. Akiwa na chembe sahani 260,000, jibu lake ni takriban 1.2, na hana sababu ya hofu. Mchuuzi huyo huyo akipimwa siku ambayo ana malaria, chembe zikiwa zimeshuka hadi 110,000, jibu huruka hadi 2.9, hata kama vimeng'enya havikubadilika. Ini lake halikupata makovu kwa juma moja. Ni malaria iliyobadilisha hesabu.

Kosa hilo laweza kumgharimu mtu nauli, fedha za vipimo na usiku mwingi wa wasiwasi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mgonjwa ambaye chembe zake hubaki chache kila anapopimwa, na kila mara akaambiwa kwamba ni malaria tu, hadi siku anapotapika damu.

La kufanya

Jambo la kwanza ni kutosoma kipimo cha siku ya ugonjwa kana kwamba ni cha siku ya afya. Mwenye malaria atibiwe kwanza, kisha hesabu ya damu irudiwe baada ya majuma kadhaa. Chembe zikirejea katika kiwango cha kawaida, jibu limepatikana. Zikibaki chini, daktari achunguze bandama na ini, kichocho, homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Jambo la pili ni kutunza karatasi za maabara. Nambari moja haisemi mengi, lakini nambari za miaka mitano zikipangwa pamoja huonyesha mwelekeo. Mwenye kisukari au unene wa kiunoni ana haki ya kumwuliza daktari kama FIB-4 yake imehesabiwa. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha mafuta yakiwa mengi, na pale inapopatikana, mashine ya kupima ugumu wa ini hutoa jibu la karibu zaidi kuhusu makovu.

Jambo la tatu ni tiba ambayo haihitaji maabara. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikia asilimia 7 hadi 10, uvimbe hutulia na hata makovu huweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni takriban kilo 6 hadi 9. Kupunguza soda na vyakula vya kukaangwa, kuacha pombe na kutembea kila siku ni mambo yaliyo katika uwezo wa wengi. Dawa mahususi ya kwanza ya ugonjwa huu iliidhinishwa Marekani mwaka 2024, lakini bei yake ni ya juu mno kwa mgonjwa wa kawaida.

Ukubwa wa chembe sahani, basi, ni nambari ya kumfanya daktari aulize swali la pili. Bado si nambari ya kumtangaza mtu kuwa mgonjwa au mzima, na kwa wakazi wa ukingo wa ziwa, swali hilo la pili ni lazima lianzie kwenye malaria na kichocho kabla ya kufika kwenye mafuta.